Pikapu ya familia haihitaji viti vya ngozi

Kumezuka mtindo miongoni mwetu sisi watu wa mshahara, na hasa walimu, ambao yafaa ujadiliwe hadharani kabla haujatugharimu zaidi. Mtu akishapata mkopo wake wa chama cha akiba na mikopo, akanunua pikapu yenye kebini mbili, jambo la kwanza aulizwalo na wenzake si hali ya injini wala ya breki, bali ni iwapo viti vyake ni vya ngozi. Vikiwa vya kitambaa, mwenye gari huona haya, kisha humtafuta fundi wa kuvivua nguo na kuvivika ngozi kwa fedha ambazo zingemnunulia matairi mapya. Hapa Mosocho, kilomita chache kutoka mji wa Kisii, nimeyaona magari ya aina hiyo yakiongezeka. Nimeona pia jambo jingine, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: kadiri viti vinavyopendeza, ndivyo watu wanaoruhusiwa kuvikalia wanavyopungua.

Pikapu ya familia katika sehemu hizi haina kazi moja. Alfajiri hubeba maziwa na mikungu ya ndizi. Saa moja hupeleka watoto shuleni. Siku ya soko hurudi na magunia. Na mtu anapougua usiku, hiyo ndiyo ambulensi ya kijiji kizima. Kisii iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake huzidi milimita 1,500 kwa mwaka. Kwa hivyo abiria wa kawaida wa gari hili ni mtu aliyelowa, mwenye matope viatuni na kikapu mapajani. Huyo ndiye aambiwaye, kwa upole au kwa ukali, apande nyuma pamoja na mizigo kwa kuwa ndani kuna ngozi. Nimemshuhudia bibi kizee akiinuliwa na vijana wawili kupandishwa huko nyuma, mawingu yakiwa yametanda, ilhali kiti cha kebini kilikuwa kitupu kikimetameta.

Abagusii wana chinsoni, yaani kanuni za heshima na haya baina ya kizazi na kizazi. Kwa kanuni hizo, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatarajiwi kubanana katika kiti kimoja, na hakuna aonaye ajabu abiria wakipangwa garini kwa kulizingatia hilo. Hiyo ni heshima ya mtu kwa mtu. Lakini kumwondoa mtu ili kuistahi ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa ni chinsoni mpya ambayo wazee hawakutuachia.

Wala si suala la adabu peke yake. Sehemu ya mizigo haina kiti, haina mkanda, haina paa. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri, ziliwafundisha Wakenya kufunga mikanda ya usalama hata wale waliokuwa wakiidharau. Yanatufaa nini mafunzo hayo ikiwa mikanda imo ndani pamoja na viti vitupu, na watoto wako nje wameshikilia kingo za bodi kwenye miteremko yetu?

Hebu sasa tuitazame hiyo ngozi yenyewe. Kiswahili, lugha ninayoifundisha, kina neno moja tu hapa. Ngozi ya mtu, ngozi mbichi itokayo machinjioni na ngozi iliyotiwa dawa ikawa kiatu, zote ni ngozi. Upana huo wa maana haukutudhuru hata siku moja, kwa sababu muktadha ulitosha kutuelekeza. Muuzaji wa viti ameupanua zaidi. Kwake yeye, hata plastiki iliyopigwa chapa ya vinyweleo ni ngozi, na bei yake huwa ya ngozi. Anayetaka kuujua ukweli aombe kipande na akigeuze. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana kama manyoya mafupi upande wa ndani. Ile bandia, ukiigeuza, utakuta kitambaa kilichofumwa. Naam, kitambaa kile kile alichokikimbia! Hata magari yanayotoka kiwandani yakiitwa ya ngozi, aghalabu ngozi yenyewe huwa pale tu mwili unapogusa, na sehemu za ubavuni na za mgongoni huwa za plastiki.

Kuna wanaoamini kwamba kitambaa ni cha maskini na ngozi ni ya wakubwa. Historia haiungi mkono imani hiyo. Katika magari ya fahari ya Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, dereva ndiye aliyekalia ngozi. Yeye aliketi mbele, mahali palipokuwa wazi kwa mvua na vumbi, nayo ngozi ilistahimili mambo hayo. Bwana mwenye gari aliketi nyuma, ndani, juu ya kitambaa laini cha sufu. Na huko Japani, Toyota Century, gari la wakuu lililoanza kuundwa mwaka 1967, limesifika kwa viti vya kitambaa cha sufu. Ngozi hutiwa kwa anayeiomba. Sababu ni kwamba kitambaa hakitoi mlio mtu anapojigeuza, hakitelezi, na hakiwi baridi asubuhi wala moto adhuhuri. Mwalimu aliyeegesha gari juani kwenye uwanja wa shule, kisha akawaketisha watoto wenye kaptura juu ya viti vyeusi vya ngozi, anafahamu ninachokisema.

Mgala muue na haki yake mpe. Ngozi hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ikawa safi, na haishiki vumbi kama kitambaa. Nyumba yenye mtoto mgonjwa wa pumu ina sababu njema ya kuichagua. Nayo maziwa yakimwagika juu ya kitambaa yakaingia katika sponji, harufu yake ni adhabu ya mwezi mzima. Sikatai. Ila kiti cha ngozi nacho kina mishono, na maziwa huijua njia ya mishono. Yakishapenya, sponji ya ndani huchacha vile vile, na ngozi haifuliki. Fauka ya hayo, ngozi halisi hutaka kusafishwa na kupakwa mafuta yake mara kwa mara, la sivyo jua huikausha ikapasuka. Pikapu nyingi tunazonunua ni mitumba, na sheria huruhusu liingizwe nchini gari ambalo halijapitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Viti vya ngozi vya miaka saba ambavyo hatujui vilitunzwaje ni mkopo juu ya mkopo.

Rai yangu, basi, ni kwamba anayenunua gari la kubebea familia na mazao akubali viti vya kitambaa, avishonee vifuniko vya kitambaa kizito vinavyovulika, na awe na jozi mbili: moja garini, moja kwenye kamba ya nguo. Chini ya kifuniko atandike karatasi ya nailoni pale anapoketi mshika maziwa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kuvika ngozi, na ujuzi upo kwa mafundi wetu wa cherehani. Baada ya hapo hatakuwa na kisingizio cha kumkataza mtu yeyote kuingia ndani.

Kwa fundi, asisahau mambo mawili. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mifuko ya hewa iliyofichwa ubavuni mwa viti vya mbele, nayo hufumuka kwa kupasua mshono wakati wa ajali. Atazame alama ubavuni mwa kiti, na ikiwa ipo, sehemu hiyo iachwe wazi kabisa. Vifungo vya mikanda navyo visifukiwe chini ya kifuniko, hasa vya kiti cha nyuma wanakoketi watoto. Ama kuhusu rangi, kila mtu na macho yake, ila mimi singechagua rangi ya maziwa. Udongo wetu ni mwekundu, na kahawia hufichika vyema mpaka Jumamosi ya kufua.