Neno "Fangasi" Halitoshi Kwenye Jalada la Mgonjwa

Katika vituo vingi vya afya nchini Tanzania, neno moja hubebeshwa mzigo wa maradhi mengi. Mtoto mwenye mashilingi kichwani huandikiwa "fangasi". Mkulima ambaye mguu wake umevimba kwa miaka na kutoboka matundu yanayotoa usaha naye huandikiwa "fangasi". Neno hilo likishageuzwa kuwa msimbo katika kumbukumbu za kituo, upungufu wake hauwi tena suala la lugha. Huwa suala la tiba.

Misimbo hiyo hutoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, maradhi ya fangasi yamepewa nafasi kuanzia B35 hadi B49. B35 ni choa, na tarakimu inayofuata nukta hutaja mahali ulipo ugonjwa: B35.0 ni kichwani au kwenye ndevu, B35.1 kwenye kucha, B35.3 miguuni, B35.4 mwilini. Tarakimu hiyo si pambo. Choa mwilini mara nyingi hupona kwa dawa ya kupaka, ilhali choa kichwani huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa vimelea huingia ndani ya unywele ambako dawa ya kupaka haifiki ipasavyo. Mtoto aliyeandikiwa "fangasi" tu anaweza kupewa dawa ya kupaka, akarudi baada ya mwezi akiwa vilevile.

Mfano mzito zaidi ni ule mguu wa mkulima. Ugonjwa wa maisetoma, ambao mwaka 2016 uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, una misimbo miwili inayokaa jirani. B47.0 ni ule unaoletwa na fangasi, na B47.1 ni ule unaoletwa na bakteria. Kwa macho, miguu hiyo miwili hufanana: uvimbe, matundu, usaha wenye chembechembe. Kwa tiba, iko mbali kabisa. Wa kwanza huhitaji dawa za fangasi kwa miezi mingi, na mara nyingi upasuaji. Wa pili hutibiwa kwa antibayotiki. Anayeandika "fangasi" kwa kuutazama mguu tu anaweza kumnyima mgonjwa dawa ambayo ingemponya.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aina ya kriptokokasi, anayeficha si mgonjwa bali ni kalamu. Msimbo wake ni B45.1. Hata hivyo, mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI huangukia B20.5, kundi linalojumuisha maradhi mengine ya fangasi kwa watu wenye maambukizi hayo. Msimbo wa B45.1 usipoongezwa pembeni, jina la ugonjwa uliomlaza hupotea katika takwimu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka kimelea hicho katika daraja la juu kabisa la orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari. Kuwekwa kwenye orodha hiyo hakuisaidii wilaya ambayo vitabu vyake havionyeshi mgonjwa hata mmoja, kwa maana dawa huagizwa kwa kufuata hesabu.

Wahudumu wana hoja ya haki: foleni ni ndefu, na vipimo ni haba. Ndiyo maana uainishaji wenyewe umeweka misimbo ya ugonjwa usiobainishwa, kama B49 na B47.9. Kuitumia kwa sababu ushahidi haupo ni uaminifu. Kosa ni kuitumia wakati ushahidi upo, au kubuni msimbo mahususi ili fomu ya bima ipite. Aidha, kipimo cha awali cha choa si cha gharama kubwa: magamba ya ngozi au vinyweleo vichache, tone la potasiamu haidroksidi, na darubini ileile inayotafuta vimelea vya malaria.

Kinachotakiwa, basi, ni utaratibu. Tabibu ataje mahali ulipo ugonjwa na kisababishi chake kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu. Majibu ya maabara yakirudi, msimbo wa awali usahihishwe, usiachwe kwa sababu ukurasa umekwisha kufungwa. Mtunza kumbukumbu asilazimishwe kukisia. Awe na ruhusa ya kurudi kwa tabibu na kuuliza. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, lina nafasi kubwa zaidi ya maelezo, lakini halitaponya kumbukumbu ambazo chanzo chake ni neno moja.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Kabla ya kuondoka, ana haki ya kuuliza: ni fangasi gani, imethibitishwa kwa kipimo gani, na imeandikwaje? Akipewa rufaa, maelezo hayo ndiyo yatakayomfikia daktari ambaye hajawahi kumwona, na ndiyo yatakayoamua kama matibabu yataendelea yalipoishia au yataanza upya.