Milango ya Moyo na Maumivu ya Koo

Imekuwa desturi katika shule zetu mwanafunzi kuchora moyo, kuandika majina ya vyumba vyake vinne, na kuhesabiwa kuwa ameufahamu. Kwa maoni yetu, ufahamu huo ni nusu tu.

Damu iliyopungukiwa na oksijeni hurudi kutoka mwilini na kuingia katika chumba cha juu cha kulia. Huteremka hadi chumba cha chini, nacho huisukuma mapafuni. Ikisha kupata oksijeni, hurejea katika chumba cha juu cha kushoto, huteremka cha chini, kisha husukumwa kwa nguvu kupitia mshipa mkuu uitwao aota, ikaenea mwili mzima. Moyo wa mtu mzima aliyetulia, ukipiga mara 70 kwa dakika na kutoa mililita 70 kila pigo, husukuma karibu lita 5 kila dakika.

Damu hiyo hairudi nyuma, kwa sababu moyo una vali nne, yaani milango ifungukayo upande mmoja tu. Hapo ndipo somo lilipopaswa kuanza, nalo ndipo linapokomea.

Milango hiyo yaweza kuharibiwa na ugonjwa unaoanzia kooni. Mtoto aumwapo koo kwa sababu ya bakteria wa streptokoki, asipotibiwa, huenda wiki mbili au tatu baadaye akapatwa na homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kuuma, na kinga ya mwili, iliyokusudia kupigana na bakteria, hushambulia moyo pia. Vali, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, hupata makovu, ikashindwa kufunga au kufunguka sawasawa. Wapatwao zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15: wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza na wadogo zao.

Si kila koo liumalo lina hatari hiyo. Mara nyingi chanzo ni virusi. Lakini wa kupambanua ni mganga, si jirani. Penisilini ikitolewa mapema huzuia madhara hayo. Vali ikisha kuharibika sana, hubaki upasuaji, nao ni ghali.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usifute mchoro ubaoni kabla ya kuuliza: "Mlango huu usipofunga, mtu hupatwa na nini, na ni kitu gani huuharibu?" Mwanafunzi ajuaye jibu atampeleka mdogo wake zahanati. Ajuaye majina tu atapata alama zake, na mdogo wake ataambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, akalale.