Setilaiti Haimwoni Mtoto wa Jirani



Ndugu zangu wapendwa, juma hili ninayo hoja moja tu, nami nitaisema waziwazi: mtu anayeendesha baiskeli huku macho yake yakifuata mstari wa ramani katika simu anaendesha akiwa kipofu. Hata kama njia anayoonyeshwa ni sahihi, yeye ni kipofu kwa muda wote anaoitazama.

Tufanye hesabu ndogo. Baiskeli iendayo kilometa 15 kwa saa hupita zaidi ya meta 4 katika kila sekunde. Ukiitazama simu kwa sekunde 3, umekwisha kusafiri meta 12 bila kuona kitu. Katika meta 12 za barabara zetu za Nachingwea na Ruangwa mna shimo, mna mbuzi, mna mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, mna mtoto atokaye shule. Tena mkono mmoja umeshika simu, umebaki na breki moja, na nyuma umefunga gunia la korosho. Utasimamaje? Na atakayeumia huenda asiwe wewe uliyetaka kujua njia, bali yule mtoto asiyekuwa na safari yoyote.

Wapo watakaonijibu: "Padre, simu inajua njia." Nauliza: inajua nini? Setilaiti ziko angani umbali wa kilometa zipatazo 20,000. Kazi yake ni kuiwezesha simu kutambua mahali ulipo. Kilicho mbele ya gurudumu lako hazikijui. Ramani yenyewe ilichorwa na wanadamu, siku fulani, pengine na mtu asiyewahi kukanyaga kijiji chako. Njia ya mkato iliyo kavu mwezi wa Agosti huwa tope au mto mwezi wa Februari, lakini katika simu mstari ni uleule. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu iunganishayo Lindi na Dar es Salaam, ramani zilizokwisha kuhifadhiwa katika simu ziliendelea kuonyesha barabara nzima, nyoofu, isiyo na kasoro.

Wana-Nachingwea tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu 3 kutafuta ardhi ya kulima karanga. Walizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki 9, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Mwaka uliofuata mradi ukaanza. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi hapa kwetu. Kule Kongwa, Wagogo walizijua tabia za mvua zao tangu enzi za mababu. Mabwana wale walizijua baada ya hasara. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea, na reli yetu ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hayo ndiyo matunda ya kuitazama nchi kutoka juu na kumpita mwenyeji bila kumwuliza.

Sisemi simu zitupwe. Muuguzi aliyehamishiwa kijiji asichokijua, au mwalimu mgeni, hupata msaada wa kweli katika ramani hizo, nami nafurahi. Ninachopinga ni kuitazama ukiwa mwendoni. Uholanzi, nchi ya baiskeli na njia zake maalumu, ilipiga marufuku kushika simu ukiendesha baiskeli tangu Julai 2019. Japani iliongeza adhabu kali Novemba 2024, hata kifungo. Ikiwa wenye njia zilizotengwa wanaogopa, sisi tunaogawana barabara moja nyembamba na malori na bodaboda tunajiamini kwa lipi?

Basi, vijana wangu, fanyeni hivi. Itazameni ramani kabla ya kupanda baiskeli. Mkisahau njia, teremkeni, kaeni pembeni, ndipo mfungue simu. Lililo bora zaidi, salimieni na mwulize. Kuuliza si ujinga. Mzee aliyeketi chini ya mwembe anajua daraja lipi limebomoka tangu juzi, na atakueleza bila kutumia salio lako. Wenye ujuzi wa mitandao wafanye jambo moja zaidi: ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, humruhusu mtu yeyote kuongeza njia na vijiji. Chukueni maarifa ya wazee, yatieni humo, ili mgeni ajaye asipotezwe.

Lakini baiskeli ikishaanza kwenda, simu ikae mfukoni. Hakuna safari kati ya Nachingwea na Ruangwa yenye haraka kuliko uhai wa mtoto anayevuka barabara.

Nawatakia juma jema na safari salama.