Kiatu Kiko Wapi?

Ndugu zangu wa Malindi,

Mmeniuliza kwenye simu kama ni kweli mwanangu "kapelekwa kupimwa akili". Ni kweli. Ana miaka minne na maneno yake hayafiki ishirini. Mama alinisihi nivute subira, kwani hata babake alichelewa kusema. Nikavuta mwaka mzima, na mwaka huo unaniuma mpaka leo.

Hapa Manchester walianza na masikio, maana mtoto asiyesikia hudhaniwa haelewi. Kisha mtaalamu akaketi naye sakafuni: panga vibao, chora duara, onyesha picha ninayoitaja. Mimi nami nikahojiwa karibu saa nzima. Alikaa lini? Anakula mwenyewe? Amewahi kushikwa na degedege? Hilo la mwisho lilinishtua. Kwetu degedege ni mambo ya pepo wa nyuni na kufukizwa, na kumbe hapo hapo Kilifi watafiti wamewafuatilia watoto waliopandwa na malaria kichwani, ile iletayo degedege, wakakuta baadhi yao wamepona homa lakini wamebaki na shida ya lugha na kumbukumbu.

Mwanangu aliambiwa kwa Kiingereza aonyeshe kiatu, akabaki kumtazama yule mtaalamu mdomoni. Nikashindwa kujizuia: "Kiatu kiko wapi, baba?" Kidole kikaenda pale pale. Alama hakupewa, nami nikadai mkalimani.

Msidhani ni ubishi wa mama tu. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha matokeo ya watoto wa Lusaka na wa mji huu huu ninaokaa, waliopewa maumbo wayaige. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wakashinda wa Lusaka, waliozoea kujiundia magari ya waya. Kwa udongo, sare. Na nyinyi mna chenu: mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake walichapisha kipimo kilichotungwa Kilifi, cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotazama mtoto anavyotembea na anavyotumia mikono. Kwa hiyo wifi, yule mdogo wako aliyelazwa kwa degedege usimngojee afike miaka minne ndipo apimwe.

Wangu amepimwa tena, kwa Kiswahili. Amechelewa, hilo halikufutika. Ila kuelewa kwake kumekitangulia mbali kinywa chake. Tukija Desemba, neno "zezeta" lisitamkwe mbele yake. Atalisikia.