Maumivu ya shingo si jambo la kupuuza

Nchini Marekani, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaocheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na kugongana, hupigwa kichwani mara nyingi katika msimu mmoja. Nguvu inayotikisa kichwa hupita pia shingoni. Kwa hiyo mchezaji anayelalamika shingo baada ya kugongana asipakwe dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani. Apimwe kichwa na shingo pamoja.

Kofia huzuia fuvu kupasuka, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani. Kilichookoa shingo za wengi ni sheria. Mwaka wa 1976, NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilikataza kumvamia mpinzani kwa kutanguliza kichwa. Visa vya vijana kuvunjika shingo na kupooza vikapungua sana.

Kazi kubwa iliyobaki iko mazoezini. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 kuhusu wachezaji wa vyuo ulionyesha kuwa asilimia 72 ya mitikisiko ya ubongo ilitokea mazoezini, si kwenye mechi. Mazoezi hayo hupangwa na kocha mwenyewe. Vyuo vinavyoingiza mamilioni ya dola kwa mchezo huu vinaweza kupunguza siku za kugongana, tena bila kungoja mtu mwingine afe au apooze.

Na neno la mwisho liwe la daktari, si la kocha. Mechi nyingine itachezwa Jumamosi ijayo. Shingo iliyovunjika haina mechi ya marudiano.