Ngamia wa Ngaremara Wamepotelea Kwenye Excel

Jamani, nimechoka! Juzi nimeletewa faili la Excel la mifugo ya Ngaremara, hapa kwetu Isiolo. Kila mstari ni kaya moja, na safu ya mifugo imejazwa hivi: "mbuzi, kondoo, ngamia". Kompyuta ikahesabu "mbuzi, kondoo" kuwa jibu moja na "kondoo, mbuzi" kuwa jibu jingine. Mwenye faili akaona dawa ni kubakiza jina la kwanza tu katika kila seli. Ngamia, aliyeandikwa mwisho, akatoweka. Sasa gawa chanjo kwa chati hiyo uone mwenye ngamia atapata nini.

Msiniambie ni kosa dogo. Edgar Codd alitufundisha tangu 1970: seli moja, thamani moja.

Na kazi yenyewe si ngumu. Kwenye pandas ni str.split(",") halafu explode(), iliyokuja na toleo 0.25 mwaka 2019. Malizia na str.strip(), maana " mbuzi" yenye nafasi mbele si "mbuzi". Kaya ya aina tatu inakuwa mistari mitatu, kwa hiyo ipe kila kaya namba kabla hujaanza, la sivyo utaihesabu mara tatu.

Halafu hizi chati za duara, tafadhali! Kaya 10, tisa zina mbuzi, sita zina ngamia: tayari ni asilimia 150. Duara gani hilo? Chora pau, gawanya kwa idadi ya kaya.

Faili nimelirudisha. Ngamia wamo.