Betri Imekufa, Nani Aulizwe?

Ni jambo la kusikitisha kwamba hadi leo wako watendaji wanaopima maendeleo ya umeme wa jua vijijini kwa idadi ya paneli zilizopandishwa mapaani. Paneli hupigwa picha, hati ya makabidhiano hutiwa saini, faili hufungwa. Baada ya miaka michache mkunga humzalisha mama kwa mwanga wa simu, na paneli ileile ingali juu ya kichwa chake.

Jua halina hatia. Kamsamba, iliyoko katika bonde la Ziwa Rukwa wilayani Momba, haijapata kuwa na njaa ya jua. Paneli nayo, ikiwa ni ya kweli, huishi miaka 20 na zaidi. Kinachokufa ni betri. Betri ya risasi na asidi, hata ikitunzwa, kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto la bondeni ni adui yake mkubwa: joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Betri iliyofungiwa katika stoo isiyo na dirisha, chini ya bati, imekwisha kuhukumiwa siku ya kwanza.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa walimu hawaogopi hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa kupita nusu, yaani 600. Taa 5 za wati 10 pamoja na televisheni ya wati 60 huimaliza nusu hiyo kabla ya saa 6 kutimia. Ofisi ikigeuzwa kituo cha kuchajia simu za kijiji kizima, betri hukamuliwa hadi tone la mwisho kila usiku. Halafu tunaambiwa kwamba sola haifai! (Wapo pia wanaofunga betri ya lori kwa sababu ya urahisi wa bei. Betri ya lori iliundwa kuwasha injini, si kukesha na taa.)

Ng'ambo ya Mto Momba, katika Wilaya ya Sumbawanga, Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ulijaribu njia nyingine kwa fedha za Benki ya Dunia. Taasisi za umma za vijiji vingi ziliwekwa katika mkataba mmoja, na mkandarasi aliyefunga mitambo akabebeshwa pia wajibu wa kuitunza kwa miaka kadhaa. Hiyo ndiyo busara tunayoitaka. Lakini mkataba una mwisho, na siku unapokwisha, mrithi wa wajibu ni halmashauri. Halmashauri isiyo na kifungu cha betri katika makadirio yake imerithi vyuma vitupu.

Wako watakaojibu kwamba gridi imekwisha kufika. Serikali ina haki ya kujivunia kupeleka umeme katika vijiji 12,318; hata hivyo vitongoji vimezidi 64,000, na transfoma ya kijiji haimulikii kitongoji kilicho kilomita 7 kutoka kwenye nguzo ya mwisho. Huko sola itaendelea kubeba mzigo, tupende tusipende.

Kwa hiyo hapana budi mambo mawili yafanyike. Mtambo wowote wa taasisi ya umma usipokelewe bila mkataba wa matengenezo na bila kijana wa hapo hapo aliyefundishwa kuutunza. Pili, mwalimu mkuu na mganga mfawidhi waandike bei ya betri katika makadirio ya mwaka huu, waigawe kwa miaka 4, na robo yake itengwe kila mwaka. Ofisa mipango atakayeufuta mstari huo na aandike jina lake kando yake.